Fulana za Msaragambo

Asubuhi ile nilitoka Same bila kujua ninakwenda wapi. Nilikuwa na mfuko wa rambo, ndani yake shati moja, wembe, kipande cha sabuni na kalamu tatu za ofisi ambazo sikuwa nimezirudisha. Pale stendi wapiga debe waliniuliza kama naenda Moshi au Tanga. Nikawaambia nitaamua, wakaniacha kama mtu anavyomwacha mlevi. Lori lililokuwa linakwenda Makanya kupakia jasi lilisimama kununua maji, nikamwomba dereva, akasema panda. Mwenye nyumba wangu hakujua. Wala Bi Mwanaidi, msimamizi wangu, aliyekuwa ananisubiri ofisini saa mbili, hakujua.

Nimeondoka hivyo mara nyingi maishani, na mara nyingi haikumuumiza mtu. Ile ya siku ile iliumiza. Nawaandikia nyinyi vijana mnaoanza kazi ya udodosaji, mnaopita nyumba kwa nyumba na vishikwambi vyenu shingoni, ili mjue nilikuwa nakimbia nini. Nilikuwa nakimbia sentensi moja. Ningeisema ofisini saa mbili ile, isingechukua muda wa kunywa kikombe cha chai.

Mimi ni Sefania. Shule niliacha darasa la sita, si kwa ujinga ila kwa kutotulia. Mwalimu alikuwa akieleza mto unatoka wapi, mimi nimeshatoka dirishani kwenda kuuona. Nimechimba mchanga, nimeswaga mbuzi, nimepika mandazi kwenye kituo cha treni. Kazi ya madodoso niliipata kwa sababu ya miguu na mdomo. Bi Mwanaidi alikuja Same kutafuta watu wanaojua njia za milimani, mimi nikamwonyesha, na njia nzima nikamuuliza maswali. Kwa nini unauliza nyumba hii unaruka ile? Kwa nini usiulize wote? Utajuaje kama wanakudanganya? Tulipofika juu alikuwa amechoka kwa maswali kuliko kwa mlima, akasema mtu anayeuliza hivi bila kulipwa, akilipwa huenda akanyamaza kidogo. Akanipa kazi.

Alikuwa mwanamke wa tambarare, mtu wa swala tano, mwembamba, mwenye mwandiko mzuri kuliko mashine. Alinifundisha kazi kwa kunicheka. Wiki ya kwanza nilifika kwenye boma moja huko chini nikamhoji mzee kwa saa nzima: mifugo mingapi, vyoo vipi, maji mnachota wapi. Mzee akajibu kila kitu kwa adabu. Mwisho nikamuuliza jina la kaya, akasema yeye ni mgeni, amekuja kutafuta ng'ombe wake aliyepotea. Nikamuuliza mbona amenijibu. Akasema nilionekana nimetoka mbali. Bi Mwanaidi alicheka hadi akakaa chini, halafu akanirudisha kwa miguu nikaanze upya.

Basi haya ndiyo aliyonifundisha, yachukueni. Msalimu mkubwa kwanza, hata kama unayemtaka ni mdogo. Usikae kwenye kigoda ulichokaribishwa kabla hujaangalia kilikuwa cha nani. Ukiletewa chakula, kula, hata kama umeshakula nyumba tatu; kukataa ugali wa mtu halafu ukamuuliza anaumwa nini ni kujitafutia majibu ya uongo. Usiandike haraka kuliko mtu anavyosema, ataanza kusema unachopenda kuandika. Swali gumu liwe la mwisho. Na swali la chama cha siasa, aliniambia, halitamkwi kwa mdomo kabisa. Unampa mtu karatasi ndogo na bahasha, unageuka, anaweka alama mwenyewe, anafunga. Pale mbele yake wewe hujui, jirani hajui. Kama hataki, anafunga bahasha tupu. Jioni ndipo unafungua na kunakili kwenye dodoso lenye namba yake.

Mimi niliyapenda yale mambo. Sikusoma, lakini nilikuwa namsumbua kila jioni anieleze karatasi zangu zinageukaje kuwa jibu. Alinichorea kwenye vumbi, mbele ya duka, jedwali la vyumba vinne.

Sasa niwaeleze utafiti wenyewe, maana ndiyo kiini cha habari hii.

Kulikuwa na kijiji huko juu, upande unaotazama Gonja, ambacho sitakitaja. Walikuwa wamejenga zahanati kwa mikono yao: mawe wamebeba kichwani, mchanga wamepandisha kutoka mtoni. Ilifika lenta ikasimama. Kijiji kingine cha kata ileile, cha chini kidogo, nacho kilikuwa na yake iliyosimama hivyohivyo. Mabati na mbao vikapatikana vya jengo moja tu. Kamati za afya za vijiji vyote zikakutana kuamua liezekwe lipi, wakapiga kura kwa kunyoosha mikono, na karani akaandika jina la kila mtu na alikonyoosha. Kijiji cha juu kikashindwa.

Watu wa juu walisema wamenyimwa kwa ajili ya siasa. Kijiji chao kilikuwa kimejulikana kugeukia chama kingine, na walisema wajumbe wengi wa kamati walipiga kura kwa kuangalia chama, si umbali wala wagonjwa. Wa chini wakasema huo ni uzushi wa walioshindwa. Malalamiko yakaandikwa, yakapanda ngazi, na wakubwa wakasema jambo jema: kwa kuwa kuna watafiti wanaopima jambo hilihili katika kata nyingine, yaani kama itikadi ya mtu inaelekeza uamuzi wake juu ya afya ya watu, waipime na kata hii. Wakiona chama kilitumika, kura irudiwe. Wasipoona, shauri lifungwe.

Wajumbe wale hawakuingia kwa tiketi ya chama. Walitoka kwenye vikundi vya akina mama, makanisani, msikitini, shuleni. Alikonyoosha mtu mkono kulikuwa kwenye muhtasari, hakuna wa kubisha. Kilichokosekana ni chama cha kila mmoja. Kazi ya kukipata kwa kata nzima nilipewa mimi peke yangu, kwa sababu ya miguu.

Vyumba vinne vya Bi Mwanaidi vilikuwa hivi. Juu unaandika chama hiki na chama kile. Pembeni unaandika waliotaka zahanati ya juu na waliotaka ya chini. Kila mjumbe anaingia chumba kimoja. Halafu unajiuliza, kama chama hakina kazi yoyote hapa, vyumba hivi vingejaaje? Unalinganisha na vilivyojaa kweli. Tofauti ikiwa ndogo kiasi kwamba bahati tu ingeweza kuileta, unasema sijaona kitu. Ikiwa kubwa mno kuwa bahati, unasema hapa kuna jambo. Alinisisitizia kwamba kusema sijaona si sawa na kusema hakuna. Nilimwambia hilo hata mtu anayetafuta mbuzi porini analijua. Akasema ungeshangaa ni wangapi ofisini hawalijui.

Kule juu nilifikia kwa muuguzi wao, Sista Penina, binti wa watu wa Chome aliyepangiwa pale. Alitibia kwenye stoo ya kanisa. Kitanda kimoja, pazia la kitenge, jiko la mkaa la kuchemshia vifaa. Wakati huo alikuwa na wasiwasi usiopungua, kwa sababu aliambiwa na wakaguzi kwamba stoo si mahali pa kuzalishia na kwamba asipopata jengo lenye paa ataamriwa aache. Wajawazito wangekwenda wapi? Chini, alisema. Kwa machela, kwenye njia ile uliyopanda ukipumua kama ng'ombe.

Alinipa chai ya tangawizi, akasema, "Mzee Sefa, mimi sikuombi uandike tunavyotaka sisi. Andika ilivyo. Kama walitunyima kwa chama, ijulikane. Kama hawakutunyima kwa chama, ijulikane pia, tuache kununiana makanisani. Ila iwe kweli."

Nikamwambia asiwe na shaka.

Nilianza vizuri. Siku mbili za mwanzo nilikwenda nyumba kwa nyumba na bahasha zangu. Siku ya tatu nilitaka kuruka mfereji, nikateleza, mfuko mzima ukaingia majini. Madodoso yalikuwa kwenye nailoni yakapona. Bahasha zilikuwa uji.

Mwenye akili angeshuka Same kuchukua nyingine. Ilikuwa siku moja kushuka na siku moja kupanda, na mimi nilikuwa nimesikia kwamba kesho yake pembe itapigwa kwa msaragambo. Nyinyi wa milimani mnajua. Wa kwingine niwaambie kwamba msaragambo ni kazi ya pamoja, watu wote wanatoka, asiyetoka anatozwa faini. Safari hii ilikuwa kusafisha ndiva, lile bwawa la kukusanyia maji ya umwagiliaji, na lilikuwa linahudumia vijiji kadhaa, kwa hiyo wajumbe wangu karibu wote waliobaki wangekuwa mahali pamoja. Nikajiona mjanja. Kwa nini nipande vilima vitano wakati vilima vyote vinakuja kwangu?

Walikuwa ndani ya tope hadi magotini, wanachota kwa karai na kupokezana, wanaume wanaimba, wanawake wanawatania kwamba wanaimba zaidi ya wanavyochota. Nilimwita mjumbe mmoja mmoja, akapanda ukingoni, akajifuta mikono, tukazungumza. Maswali yote yalikwenda. La mwisho likagoma. Bila bahasha ilibidi niulize kwa mdomo, jambo nililokatazwa, na hapo masikio ya watu wote yalikuwa wazi. Wa kwanza akacheka akarudi topeni. Wa pili akasema, "Hilo liache, kaka." Wa tatu akaniuliza kama nimetumwa.

Sasa, kwenye madodoso yetu nafasi iliyoachwa wazi ilibidi ielezwe, na zikizidi unarudishwa. Mimi sikutaka kurudishwa. Nikawa nimekaa pale ukingoni na kalamu mkononi, nikainua macho, nikaona jibu limevaliwa. Karibu kila mtu alikuwa na fulana ya kampeni. Hizi zinazogawiwa wakati wa uchaguzi, zenye nembo kubwa kifuani na uso wa mgombea umepasuka kwa kufuliwa. Chama hiki, chama kile, chama hiki. Nikasema moyoni, Sefania, wewe una macho. Nikajaza. Mjumbe kwa mjumbe, kwa kuangalia kifua. Hata wale wa siku mbili za mwanzo waliokuwa wamenipa bahasha tupu niliwatafuta topeni kwa macho nikawajazia.

Niliporudi Same Bi Mwanaidi aliyapekua madodoso yangu akakuta hakuna nafasi wazi hata moja. Nilimwambia bahasha ziliharibika baada ya kumaliza kunakili. Alifurahi, akaninunulia chai na vitumbua, akawaambia wenzangu waje wajifunze kwa mzee.

Wiki iliyofuata nilipanda tena, si kwa kazi, nilitamani tu kuona ndiva ikiwa imejaa. Njiani nikamkuta Mama Nakiete, mama mtu mzima, mjumbe wa kamati kutoka kikundi cha akina mama, anapalilia tangawizi kwa gauni na khanga. Nilimwamkia, nikamtania kwamba leo hakuvaa chama chake.

"Chama changu kipi?"

Nikamtajia kile nilichokisoma kifuani kwake siku ya tope.

Aliweka jembe chini. Alicheka mpaka akashika kiuno. "Ile? Baba, ile ni ya hao wengine. Fulana ya chama changu iko sandukuni, nimeikunja na karafuu. Nani anaingia ndivani na fulana yake nzuri? Siku ya msaragambo tunavaa ya wale tusiowapenda, ikale matope."

Nilimuuliza kama wote hufanya hivyo. Akasema wengine. Wengine huvaa ya kwao wakiwa nazo mbili. Mume wake alivaa aliyoipata kwa kubadilishana na tumbaku. Mchungaji wa mtaa alivaa aliyoachiwa na shemeji. Na yule kijana wa msikitini, aliyenyoosha mkono kwa ajili ya zahanati ya juu, hana chama kabisa, huchukua fulana popote zinapogawiwa kwa sababu hanunui nguo. Alikuwa bado anacheka. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye tuta.

Nikashuka siku ileile. Nilifika Same nikamkuta Bi Mwanaidi anafunga ofisi. Akaniambia kesho saa mbili niwe pale, ndiyo siku ya kuingiza karatasi zangu kwenye kompyuta, anataka nikae pembeni nione vyumba vinne vinavyojaa, kwa kuwa nimekuwa nikimsumbua siku zote. Alisema hivyo kwa uso mchangamfu. Nikasema ndiyo, nitakuja.

Asubuhi nikapanda lori la jasi.

Makanya nilibeba mawe ya jasi kwa majuma kadhaa. Huko hakuna anayekuuliza kitu. Vumbi jeupe linawafanya watu wote wafanane. Kila siku nilijiambia kesho nitarudi. Nilijiambia pia uongo mwingine, kwamba labda fulana nyingi zilikuwa za kweli, kwamba karatasi zangu ni tone tu kwenye kazi kubwa. Nilijua si tone. Kwa kata ile, karatasi zangu ndizo zilizokuwa kazi yote.

Niliporudi, ripoti ilikuwa imeshakwenda na majibu yameshasomwa kijijini kwenye mkutano. Nilipanda. Sista Penina alinionyesha nakala, ukurasa mmoja umeandikwa kwa lugha safi: haikuonekana tofauti ya kutosha kati ya wajumbe wa chama hiki na wa chama kile katika namna walivyopiga kura. Chini yake, kwa mwandiko wa mtu mwingine wa ofisi, mstari mmoja: imethibitika kuwa siasa haikuhusika, shauri limefungwa.

Aliniangalia. "Kwa hiyo sisi ni waongo, mzee Sefa. Tumethibitishwa kwa hesabu."

Hapo ndipo nilipomwambia. Nilimwambia yote, bahasha, tope, fulana, lori. Hakupandisha sauti. Alikuwa anachemsha mikasi, akaitoa mmoja mmoja akaipanga kwenye kitambaa, na alipomaliza aliniuliza swali ambalo bado ninalo mpaka leo: "Basi kweli yenyewe ilikuwa ipi?"

Sikuijua. Siijui. Inawezekana chama kilitumika. Inawezekana walichagua cha chini kwa sababu barabara inafika, au kwa sababu ya undugu. Ningeandika vizuri, ingejulikana, hata kama isingewapendeza. Sasa wale watu waliopiga kura wengine wamehama, wengine wamekufa, na aliyebaki ukimuuliza leo atakwambia anachokumbuka kwa faida yake. Kuna majibu yanapatikana mara moja tu, na mlango wake mimi niliufunga kwa kalamu.

Nilikwenda kwa Bi Mwanaidi pia. Alinisikiliza amesimama. Alitaka kujua ni wajumbe wangapi niliwajazia kwa macho, nikamwonyesha, na nikaona uso wake unazeeka. Hakunitukana. Alinifundisha kwa mara ya mwisho.

"Tangawizi ya mteremko huu na ya mteremko ule zinashuka kwa wabebaji," alisema. "Mnunuzi anataka kujua ipi imenona. Mbebaji akizichanganya njiani, mnunuzi atapima magunia mawili atakuta ni yaleyale, na ataapa kwamba miteremko inafanana. Mizani haikukosea. Mnunuzi hakudanganya. Kila ulipochanganya watu, Sefania, ulikuwa unavisawazisha vyumba vyangu. Hata kama tofauti ilikuwepo kubwa kama mlima, ungeifuta."

Nikamuuliza ningefanya nini.

"Ungeacha wazi. Ningesema sijui, na wasingeweza kufunga shauri la watu kwa neno sijui."

Aliandika barua kuomba ripoti irudishwe na kata ile iondolewe. Akajibiwa kwamba imeshapokelewa, na kwamba mambo yenye maslahi ya siasa si vizuri kuyafukua. Akaandika tena. Mara ya tatu hakujibiwa. Kazi kwangu ikaishia hapo. Hakunifukuza, aliacha tu kuniita, na mimi sikwenda kuuliza. Watu wakiniuliza nawaambia nimestaafu.

Najua vishikwambi vyenu vya sasa ni vikali zaidi. Havikubali kufungua swali linalofuata mpaka ujaze lililopo, na mwisho wa siku vinawasifu kwa kukamilisha. Nawaonea huruma. Mimi angalau karatasi yangu iliniruhusu kuacha wazi, nikakataa mwenyewe. Tafuteni ile sehemu iliyoandikwa "amekataa kujibu". Iko chini kabisa, inabidi usukume kwa kidole. Isukumeni. Na kama haipo, rudini ofisini mkagombane kabla ya kupanda mlima, si baada ya kushuka. Sina hakika kama itawasaidia. Nimeona kazi safi nayo ikiandikiwa mstari mmoja chini na mtu asiyeisoma. Lakini angalau isiwe mkono wenu.

Jengo la juu halijaezekwa. Ndani ya kuta zake watu wanaanika mahindi. Sista Penina alipata amri aliyokuwa anaiogopa: sindano na dawa ndiyo, kuzalisha hapana. Kwa hiyo sasa mwanamke wa kule siku zake zikikaribia anashushwa mapema, wakati bado anaweza kutembea, anapanga chumba tambarare karibu na huduma, anasubiri. Wanaochelewa hubebwa kwa machela. Mmoja aliyechelewa hakufika. Jina lake nalijua, na kwenye ripoti ile hakuna mahali pa kuliandika.

Mwaka huu ilikuwa zamu ya Nakunda, mjukuu wa Mama Nakiete, mimba ya kwanza, mume yuko machimboni. Nilikuwa nimepanda kununua tangawizi. Mama Nakiete anajua nilichofanya. Sista alimwambia, na mimi nikamwambia tena. Hajawahi kunilaumu kwa mdomo, ila tangu hapo hajawahi kunicheka pia. Siku hiyo alinipa begi la mjukuu wake kabla sijamaliza kumwamkia. "Wewe unayependa kutembea," alisema, "tembea na sisi."

Tulitembea. Nakunda alishuka kwa kushika mti baada ya mti, akisimama kila anapotaka, na sisi tukisimama naye bila kusema tunasubiri. Joto la chini likatupokea kabla ya mchana. Tulipofika barabarani wao wawili walipanda bajaji, mimi nikafuata kwa bodaboda na begi mapajani. Hivyo tukafika Maore, mahali ambapo pamoja na kuzunguka kwangu kote sikuwahi kulala. Mashamba ya mpunga yalikuwa yamejaa maji, ndege wengi, mbu nao hawakusubiri jua litue.

Tulielekezwa kwa Bi Asha, mjane anayepangisha vyumba uani. Alimtazama Nakunda, hakuuliza tumetoka wapi.

"Wa juu," alisema. "Bado siku ngapi?"

"Sista amesema majuma matatu, au manne," alijibu Mama Nakiete.

"Huwa manne. Wengine wanazidi." Akafungua kufuli. "Kitanda ni hicho. Chandarua kimeshonwa, kina matundu mawili tu. Huyu baba atalala barazani, mkeka upo."

Chumba kilikuwa safi, kimefagiliwa, dirisha dogo. Ukutani juu ya kitanda kulikuwa na vistari vya mkaa, vimepangwa kwa safu, kila safu kwa mkono tofauti. Wengine walichora vifupi, wengine virefu, mmoja aliviunganisha kwa mafungu kama mtu aliyesoma. Nakunda alipitisha kidole bila kugusa, akauliza ni nini.

"Ni wenzako," alisema Bi Asha. "Kila mmoja na siku zake alizokaa. Usivifute, niliwahi kupaka chokaa wakaja wakachora tena."

Safu moja, ya tatu kutoka chini, ilikuwa fupi kuliko zote. Ilifika katikati ikaishia, na baada yake aliyefuata alianza mstari mpya chini. Huenda mtoto wake aliwahi. Huenda haikuwa hivyo. Miaka yote kazi yangu ilikuwa kuuliza, na mwenye kujua alikuwa amesimama pale mlangoni ameshika ufunguo. Sikuuliza.

Mama Nakiete alitoka kwenda jikoni kwa Bi Asha, akarudi na kipande cha mkaa, akamkabidhi mjukuu wake. Mimi niliweka begi chini, nikachukua mkeka, nikaenda kuutandika barazani.